Nani Kauleta? Ugonjwa Mpya na Haki ya Mnyonge

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za haki na amani za parokia



Ndugu viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, akina mama wa WAWATA, wajumbe wa halmashauri za walei, tumeombwa kuzungumza juu ya namna watu wa kawaida wanavyoupokea ugonjwa mpya unapoingia katika nchi. Yaweza kuonekana kwamba mada hii ni ya mganga mkuu wa wilaya, wala si ya kamati ya haki na amani. Lakini tukiyatazama yaliyotokea kwetu tangu mwaka 1983 tunaona jambo moja: virusi viliingia katika mwili wa mtu mmoja, na hukumu ikamwangukia mwingine. Hilo la hukumu ni letu.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, katika Hospitali ya Ndolage. Mwaka huohuo watafiti wa Taasisi ya Pasteur huko Paris walikigundua kirusi chenyewe, na kipimo cha damu kikapatikana mwaka 1985. Watu wa Kagera hawakungoja habari za Paris. Vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, maduka yalikuwa matupu, na magendo yalistawi kati ya nchi mbili. Vijana waliovuka mpaka kutafuta bidhaa ndio walioonekana kukonda na kufa. Siku zile kulikuwa na nguo iliyopendwa sana, iliyotoka upande wa Uganda, jina lake Juliana. Basi ugonjwa nao ukaitwa Juliana. Huko Rakai, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero ambako vifo vilianza kuonekana mwaka 1982, waliuita Slim, yaani ule unaokondesha. Na wengi wao waliamini kuwa ni uchawi uliotumwa na wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali yao.

Tusiwacheke watu hao. Waliona sawasawa kwamba ugonjwa unasafiri pamoja na biashara, pamoja na vijana wenye fedha na waliokaa mbali na nyumba zao. Macho yao hayakukosea. Kilichopotoka ni swali. Badala ya kuuliza ugonjwa unapita njia gani, waliuliza ni nani aliyeuleta. Na swali la "nani" likishaulizwa kijijini, halikai bila jibu. Jibu hutafutwa mpaka apatikane mtu.

Swali hili tunalijua pia kutoka katika Injili ya Yohane. Wanafunzi walimwona mtu aliyekuwa kipofu tangu kuzaliwa, na jambo la kwanza walilotaka kujua ni kosa lilikuwa la nani, la kwake au la wazazi wake. Bwana hakuwajibu walivyotaka. Alisema si la huyu wala si la wale, kisha akatengeneza tope akampaka yule mtu macho.

Kufikia mwaka 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umetoa taarifa ya wagonjwa. Kwetu ugonjwa ulikuta mambo mawili yakiusubiri. La kwanza ni dhahabu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Serikali ililegeza masharti ya uchimbaji mdogo, na vijana wakamiminika Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na Bulyanhulu. Palipopatikana dhahabu pakaota kambi kwa siku chache: maduara, vibanda vya turubai, mama ntilie, wanawake wa kuponda mawe, pombe, na wanaume waliolala leo hawana kitu na kesho wana fedha nyingi kuliko walizowahi kuziona baba zao. Zahanati haikuwapo. Kijana mwenye kisonono au kidonda alinunua vidonge viwili vitatu dukani, akaendelea na kazi, kisha akarudi kwa mkewe wakati wa kulima.

La pili ni ile desturi ya kupiga ramli. Msukuma aliyefiwa mfululizo huwaendea bafumu, na mara nyingi mfumu humwonyesha adui aliye karibu. Ugonjwa wa kawaida huua mmoja hapa na mmoja pale. UKIMWI uliua baba, kisha mama, kisha mtoto mchanga, na ndugu wa baba mwaka unaofuata, wote wa ukoo mmoja. Ni nani ambaye hangeona mkono wa mtu? Katika vijiji vya Shinyanga mkono huo ulionekana kuwa wa bibi kizee mwenye macho mekundu. Sote tunajua macho yale yametoka wapi. Nchi yetu haina kuni. Bibi amepika kwa miaka 50 kwa mavi ya ng'ombe na mabua ndani ya nyumba isiyo na dirisha, na moshi umemla macho. Wazee walianza kuuawa kwa tuhuma za uchawi kabla ya UKIMWI, na sungusungu, waliozaliwa huku mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wezi wa ng'ombe, katika vijiji kadhaa waliwageukia pia waliodhaniwa kuwa wachawi. Lakini ugonjwa mpya uliiongezea ramli kazi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimehesabu mamia ya wazee waliouawa kwa mwaka mmoja, hata katika miaka ya 2010, na kanda yetu imekuwa mbele katika aibu hiyo.

Hapa yatupasa kueleza kidogo jinsi ugonjwa wenyewe unavyokwenda, maana udhalimu mwingi umejengwa juu ya kutoelewa jambo hili. Mtu asiyepata dawa aweza kukaa na virusi vya UKIMWI miaka minane, hata kumi, kabla ya kuugua. Kwa hiyo anayeanza kukonda si lazima awe ndiye aliyeambukizwa kwanza. Aliyekufa mwisho hakumwua aliyekufa mwanzo. Kadhalika anayeanza kupimwa si ndiye aliyeleta. Mama mjamzito hupimwa kliniki. Mume yuko machimboni, hajapimwa. Mama anarudi na jibu mkononi, na jibu hilo hugeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake: "Umekutwa nao wewe, basi umeuleta wewe." Ni wangapi waliofukuzwa na watoto wao kwa sababu walitii walichoambiwa na muuguzi? Katika kesi za ndoa zinazoletwa mbele ya kamati zetu, hilo ndilo tunalolisikia mara nyingi kuliko mengine.

Mume akifa, mambo huwa mabaya zaidi. Mjane huitwa muuaji na ndugu walewale wanaotaka shamba, ng'ombe na bati za nyumba. Tuseme wazi: mara nyingi ugonjwa ulikuwa kisingizio, na mali ndiyo iliyotakiwa. Na sheria haikumsaidia. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 halimpi mjane sehemu katika mali ya mumewe kama marehemu ana ndugu wa ukoo wake. Wajane wawili wa mkoa huu wa Shinyanga, waliofukuzwa na wakwe katika nyumba za waume zao, walikataa kunyamaza. Walikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikiri kwamba mila hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao mwaka 2010 kwa kasoro ya karatasi. Wakaenda hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati hiyo ikaamua kwamba haki zao zimevunjwa. Kesi yao haikuwa ya UKIMWI, lakini mila iliyowatoa nje ni ileile iliyowatoa wajane wa ugonjwa huo. Tunawataja hapa kwa sababu ni watu wa kwetu, wala si wasomi wa mjini, na wengi wenu mlikuwa hamjasikia habari zao.

Tusidhani basi kwamba huku hakuna aliyeuliza swali jema. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika Mkoa wa Mwanza, ambao wakati ule Geita ilikuwa wilaya yake mojawapo, watafiti wa Kitanzania na wa kigeni walichukua jamii 12. Katika sita kati ya hizo, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa na kupewa dawa za kutosha. Sita nyingine zikangoja zamu yao. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya UKIMWI katika zile za kwanza yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40. Kidonda na kisonono visivyotibiwa vilikuwa mlango wa virusi, na mlango huo uliweza kufungwa kwa dawa za bei nafuu katika zahanati ya kijiji. Majaribio yaliyofuata huko Uganda hayakupata matokeo kama hayo, na wataalamu wengi wanaona sababu kubwa ni kwamba janga la huko lilikuwa limekwisha kuenea sana. Maana yake ni kwamba wakati wa mwanzo ndio wenye thamani. Miaka ambayo kijiji kilitumia kumtafuta mchawi ilikuwa ndiyo miaka ya kutibu vidonda.

Tuseme kidogo juu ya majina. Baada ya Juliana yakaja mdudu, ngoma, umeme, mtu "amekanyaga waya." Vijana wakayageuza maneno ya matangazo ya AIDS kuwa "Acha Iniue, Dogodogo Siachi," na watu wazima wakacheka. Kwenye matanga ikasomwa kwamba marehemu "ameugua kwa muda mrefu." Ugonjwa wa KORONA ulipoingia nchini Machi 2020 tukawa tayari na mazoea hayo: watu wakapiga nyungu, takwimu zikaacha kutolewa tangu mwishoni mwa Aprili mwaka ule, na kwenye misiba ya mwanzo wa 2021 tukasikia "changamoto ya upumuaji." Maaskofu wetu, kupitia Baraza lao, waliwaandikia waamini Januari 2021 wachukue hadhari pamoja na kusali. Jina la kuficha humlinda marehemu na aibu, tunakubali. Lakini aliyemwosha maiti na aliyemwuguza hawakulindwa na jina hilo.

Na bado tuko katika njia ya magonjwa mapya. Marburg ilitangazwa wilayani Bukoba Machi 2023, ikaua watu sita kati ya tisa. Januari 2025 ilitangazwa Biharamulo, jirani kabisa na Chato. Waliohesabiwa kuugua walikuwa kumi, na wote kumi walikufa. Ugonjwa huo hupita katika majimaji ya mwili wa mgonjwa na wa maiti. Kwa hiyo waliomo hatarini ni wale wanaofanya matendo ya huruma: anayeuguza, anayeosha, anayefuta matapishi. Wakifuatana kufa katika nyumba moja, mwajua swali litakaloulizwa.

Sasa kazi. Mkisikia vifo vya mfululizo katika familia ya jumuiya yenu, nendeni kabla ya ramli kupigwa, na pelekeni taarifa zahanati siku hiyohiyo. Mkisikia bibi ametajwa, fahamuni kwamba kwa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ni kosa la jinai kumtangaza mtu kuwa mchawi. Mwenyekiti wa kitongoji na polisi waambiwe, na bibi asilale peke yake usiku ule. Mwanamke akifukuzwa kwa ajili ya kipimo, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na inaamuru majibu yawe siri. Mumewe aitwe, naye apimwe. Dawa hutolewa bure tangu mwaka 2004, na anayezitumia vizuri hata virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa.

Kuhusu wajane, tunaomba kila kamati iteue watu wawili, mmoja wao mwanamke, wawe matangani hadi siku ya kuanua. Siku hiyo ndipo ukoo hukaa na kumteua msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao hicho ndio hupelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Hakikisheni jina la mjane limeandikwa miongoni mwa waliohudhuria, cheti cha ndoa kimeonyeshwa, na watoto wote wametajwa kwa majina yao. Wasiokuwa na cheti cha ndoa, waje ofisini parokiani. Daftari za ndoa zipo na nakala hutolewa.