Mzinga Mdogo wa Nyuki Wasiouma



Leo napenda kuwaeleza habari za nyuki wadogo wasiouma, wakaao katika mivungu ya miti na nyufa za kuta. Asali yao ni nyepesi, ina uchachu kidogo, na wazee wengi huitumia kuwa dawa ya kikohozi.

Lakini desturi yetu ya kuipata ni mbaya. Mtu huona mlango wao wa nta shinani, huangusha mti, hupasua gogo, hula asali, kisha huenda zake. Hajui ya kuwa malkia wa nyuki hawa, akiisha kuanza kutaga, tumbo lake huvimba hata hawezi kuruka. Nyumba yake ikibomolewa hana njia ya kuhama. Hivyo asali ya siku moja huua kundi zima, na mti pia.

Kando ya Msitu wa Kakamega wako wakulima waliofundishwa na taasisi ya icipe kuwafuga nyumbani katika masanduku. Nawe waweza. Twaa mbao kavu zisizopakwa rangi, unene wa inchi 1. Fanya visanduku viwili, kila kimoja kiwe na nafasi ya inchi 8 kwa 8 ndani, na kina cha inchi 3. Cha chini ni cha majana, yaani watoto wa nyuki. Cha juu ni cha asali. Katikati tia ubao mwembamba wenye tundu. Mlango uwe tundu moja tu, unene wa penseli. Funika kwa ubao na kipande cha bati, ukauweke mzinga kivulini, juu ya miguu iliyopakwa grisi ili kuzuia sisimizi.

Nyuki uwatoe katika gogo lililokwisha kuanguka. Hamisha malkia na majana polepole, wala usiyapindue majana, yasije yakafa. Nyuki hawa huweka asali katika vyungu vidogo vya nta. Vilivyopasuka usivitie mzingani, maana huvuta sisimizi na nzi. Uache mzinga mahali pa gogo mpaka usiku, ili waliokwenda malishoni warudi.

Wakati wa kurina, fungua kisanduku cha juu tu, tena uwaachie akiba yao.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Hawakusema tumwue nyuki.