Nani Ananifuata? Kompyuta, Daftari la Ndoto na Sarufi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi



Mada yangu huenda ikawashangaza waliozoea kuiona isimu ikishughulika na magazeti, riwaya na hotuba. Leo nitazungumzia daftari la ndoto, yaani matini ambayo mtu huiandika asubuhi akiwa peke yake, kabla hajasahau alichokiona usingizini, na ambayo mara nyingi hakusudii isomwe na mwingine. Kompyuta ikipewa daftari kama hilo lililoandikwa kwa Kiswahili, inaweza kutuambia nini kwa uhakika? Hoja nitakayoitetea ni kwamba ndoto iliyoandikwa kwa Kiswahili haina budi kuchambuliwa kwa Kiswahili. Ikitafsiriwa kwanza ili mashine iweze kuihesabu, inakuwa imekwisha kufasiriwa kabla hesabu yenyewe haijaanza.

2.0 Chimbuko la hesabu ya ndoto

Kufasiri ndoto ni elimu kongwe. Katika upwa wetu inahusishwa na jina la Ibn Sirin, aliyefariki mwaka 728. Kuhesabu ndoto ni jambo jipya zaidi. Mwaka 1966, Calvin Hall na Robert Van de Castle wa Marekani walichapisha utaratibu wa kuainisha yaliyomo katika ndoto: wahusika, ugomvi, urafiki, hisia, mahali na mengineyo. Walitumia ndoto 1,000 za wanafunzi wa chuo, nusu za wanaume na nusu za wanawake. Miongoni mwa wahusika ambao jinsia yao ilijulikana, wa kiume walikuwa asilimia 67 katika ndoto za wanaume, na asilimia 48 katika ndoto za wanawake.

Baadaye G. William Domhoff na Adam Schneider wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, waliunda DreamBank, hazina ya kompyuta yenye zaidi ya maelezo 20,000 ya ndoto. Humo mna shajara ya mwanamke mmoja, aliyepewa jina la kubuni la Barb Sanders, yenye ndoto zaidi ya 3,000. Mwaka 2020 Fogli, Aiello na Quercia walionyesha kwamba programu inaweza kuainisha yenyewe ndoto zipatazo 24,000 za hazina hiyo, kwa kufuata misingi ya Hall na Van de Castle.

Faida ya kazi hizi ni kubwa. Mtu aliyeandika ndoto zake kwa miaka kumi hawezi kukumbuka ni mara ngapi mama yake alitokea, wala ni lini ugomvi ulipungua. Kompyuta inakumbuka. Domhoff amesisitiza kwamba watu na mambo yanayojirudia katika shajara ya mtu kwa kawaida huafikiana na yale yanayomshughulisha akiwa macho.

3.0 Pale sarufi inapokataa

Tuchukue mfano ambao nimeutunga kwa ajili ya mhadhara huu. Kijana wa Nyololo, wilayani Mufindi, kando ya barabara kuu inayotoka Mafinga kwenda Makambako, ameandika hivi: “Nilikuwa njia panda usiku. Mara nikaona ananifuata. Nikakimbia. Kumbe alikuwa ananiita.”

Tatizo la kwanza ni la neno. Programu inayohesabu maneno kwa kufuata nafasi baina yake itaona kwamba “nikaona”, “tulimwona”, “hakuniona” na “wakaonana” ni maneno manne yasiyo na undugu. Tukiiagiza itafute herufi “ona” popote zilipo, itatuletea pia “kupona”, “kushona” na “kona”. Kitenzi chetu kimebeba mtenda, wakati, mtendwa na mzizi katika umbo moja, hivyo uchanganuzi wa mofimu ndio mwanzo wa hesabu yoyote ya maana. Kazi hiyo inawezekana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha mwaka 1992 maelezo ya mfumo wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta, na Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, katika toleo lake la pili la 2016, ina maneno yapatayo milioni 25.

Tatizo la pili ni la maana. Mashine iliyofundishwa kwamba “piga” ni dalili ya ukatili itaandika kuwa kuna ugomvi mahali ambapo mwotaji amesema “baba alinipigia simu”. Itafanya hivyo hivyo kwa kupiga magoti na kupiga pasi. Baba aliyempigia mwanawe simu usingizini, pengine baada ya kufariki, ataingizwa katika jedwali la washambuliaji.

Tatizo la tatu ndilo zito kuliko yote. Ni nani anayemfuata kijana wetu? Kiambishi “a-” hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Hakisemi hata kama ni mtu, kwa kuwa mbwa na ng’ombe nao huchukua upatanisho huo huo. Sarufi yetu inamruhusu mwotaji kuandika kwa ukamilifu kitu ambacho hakukitambua, na katika ndoto kutotambua huko mara nyingi ndiyo ndoto yenyewe. Tukitafsiri sentensi hiyo kwa Kiingereza, mfasiri, awe mtu au programu ya akili unde, atashawishika kuchagua kiwakilishi: cha mwanamume, cha mwanamke au cha kisicho mtu. Akichagua cha mwanamume, asilimia ya wahusika wa kiume imepanda. Jedwali litakuwa safi, lakini litakuwa limehesabu uamuzi wa mfasiri.

Tukumbuke pia kwamba huenda kijana huyo aliota kwa Kihehe au Kibena, kisha akaandika kwa Kiswahili. Tafsiri ya kwanza ameifanya mwenyewe, nayo ni haki yake. Ya pili tusimfanyie sisi bila sababu.

4.0 Ndoto, jina na jirani

Labda mtu atasema kwamba kiwakilishi kimoja si jambo la kugombea. Katika nyanda zetu ni jambo kubwa. Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1951 kwamba kijijini kulikuwa na watu walioaminiwa kuwaona wachawi ndotoni na kupambana nao. Ndoto ilikuwa ushahidi uliohusu kijiji kizima. Imani za namna hiyo hazijatoweka, na watu bado wanaumizwa kwa kutajwa tu.

Sasa fikirini daftari ambamo jina la jirani limetokea mara 40. Msomaji asiye makini ataichukua idadi hiyo kuwa hukumu. Hesabu inaonyesha kwamba mwotaji anamfikiria jirani huyo. Kuhusu matendo ya jirani haina la kusema. Kompyuta isije ikawa ramli mpya, yenye heshima zaidi kwa sababu tu inatoa asilimia.

5.0 Utaratibu ninaoupendekeza

Kwanza, kila ndoto ichapwe katika faili lake, pamoja na tarehe, kwa maneno ya mwotaji bila kusahihishwa. Pili, majina yaondolewe na kuwekewa alama, lakini uhusiano ubaki: jirani, shangazi, mwalimu. Tatu, wahusika wawe na kundi la “hajatambulika”, lisilojazwa kwa kubahatisha. Nne, wachambuzi wawili waainishe sehemu ya ndoto kila mmoja kivyake, kisha walinganishe, kabla mashine haijaaminiwa. Tano, kazi ifanyike katika kompyuta isiyounganishwa na intaneti kila inapowezekana. AntConc, programu ya bure ya Laurence Anthony, inatosha kutafuta maneno katika muktadha wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatutaka tuwe na tahadhari, lakini adabu ilitutaka hivyo kabla ya sheria.

Kwa kuanzia, ninawashauri wanafunzi wachunguze vipashio ambavyo Kiswahili chenyewe kinavitoa: “mara”, “kumbe”, “kama vile”, na kiambishi “-ka-”. Katika mfano wetu, “mara” inaleta hofu na “kumbe” inaigeuza. Kuhesabu ni wapi mwotaji anaandika “kumbe” ni kuhesabu mahali ambapo ndoto ilimsahihisha. Hicho ni kipimo ambacho jedwali la 1966 halikuwa nacho.

6.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kompyuta ni msaidizi mwema wa mwenye daftari, ilimradi iwe imefundishwa sarufi ya daftari hilo. Wajibu wa kuifundisha ni wetu sisi wanaisimu wa Kiswahili. Tusipoutimiza, ndoto za watu wetu zitaendelea kuhesabiwa kwa lugha nyingine, na swali la kijana wa njia panda litajibiwa na mtu ambaye hakuwapo ndotoni. Mpaka yeye mwenyewe atakaposema ni nani aliyekuwa akimfuata, jibu la kitaalamu ni moja: hajatambulika.