Nyota Tulizoziacha Nyuma na Nyota Tulizozikuta
(Mazungumzo ya mkesha wa Mahashivaratri, katika maadhimisho ya hekalu letu, Mombasa)



Maadhimisho kama haya huwa na hotuba za kuwashukuru waliotutangulia, na hotuba hizo zimekwisha kutolewa vyema na wengine. Sisi tulioombwa kuzungumza juu ya nyota tumeona tuanze na swali ambalo vijana wetu wameliuliza mara nyingi wasipate jibu la kuwatosheleza. Katika arusi zetu, baada ya kuuzunguka moto, bwana na bibi arusi huambiwa wamtazame Dhruva, nyota isiyotikisika, ili ndoa yao iwe thabiti kama yeye. Pandit huelekeza mkono kaskazini, maarusi hutazama, na jamaa huridhika. Lakini hapa Mombasa Dhruva haonekani. Si mawingu yanayomficha wala si taa za mji. Hata giza liwe totoro, nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Vijana wanauliza: mbona mnatuapisha kwa nyota isiyokuwepo?

Swali hilo ni la haki, na halistahili kujibiwa kwa kukemewa.

Kwanza tukumbushane kisa chenyewe, kwa ajili ya majirani. Purana zasimulia kwamba Dhruva alikuwa mtoto wa mfalme Uttanapada. Siku moja alitaka kupanda pajani kwa baba yake, mama wa kambo akamzuia, akamwambia nafasi ile si yake. Mtoto akaenda msituni, akamwomba Vishnu kwa ibada ngumu mno, hata akapewa mahali ambapo hakuna awezaye kumwondoa: kitovu cha anga, ambacho nyota nyingine zote hukizunguka. Ni kisa cha mtoto aliyenyimwa paja akapewa mbingu, na tunadhani hakuna mzazi wa kambo wala wa kuzaa asiyeguswa nacho.

Sasa tuangalie mambo yalivyo. Dunia hujizungusha kama pia, na ncha ya kaskazini ya mhimili wake huelekea karibu kabisa na nyota hiyo. Kwa hiyo, wakati nyota nyingine zinachomoza na kuzama, yeye hukaa pale pale. Urefu wake juu ya upeo wa macho hulingana na umbali wa mtazamaji kutoka ikweta. Porbandar na Rajkot ziko takribani digrii 22 kaskazini ya ikweta. Huko Dhruva huonekana digrii 22 juu ya upeo. Nyosha mkono wako, kunja ngumi: upana wa ngumi hiyo ni kama digrii 10. Basi kwa bibi zetu waliozaliwa Kathiawar, Dhruva alikuwa ngumi mbili na ushei juu ya paa la jirani. Mombasa iko digrii 4 kusini ya ikweta. Hapa yuko digrii 4 chini ya ardhi.

Waliovuka bahari kwa majahazi waliliona jambo hili kwa macho yao. Majahazi yaliyong'oa nanga Mandvi au Porbandar wakati wa kaskazi yalielekea kusini, na kila usiku Dhruva alishuka kidogo. Manahodha hawakulihuzunikia hilo. Kwao lilikuwa kipimo. Walishika kibao kidogo cha mbao chenye uzi wa mafundo, wakauma fundo kwa meno, wakalinganisha kibao na nafasi iliyo kati ya bahari na nyota, na hivyo wakajua wamefika usawa wa bandari ipi. Kipimo chenyewe walikihesabu kwa vidole. Kisha ukafika usiku ambapo nyota haikutoka majini.

Upande wa pili wa safari hiyo umeandikwa. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi akiongozwa na rubani ambaye waandishi wa Kireno wanamtaja kuwa Mgujarati. Kitabu cha kumbukumbu za safari hiyo kinaeleza kwamba, siku chache baada ya kuondoka, mabaharia waliiona tena Nyota ya Kaskazini ambayo hawakuwa wameiona kwa muda mrefu. Kwa Wareno ilikuwa dalili ya kukaribia ulimwengu wanaoujua. Kwa rubani wao, tunadhani, ilikuwa dalili ya kurudi nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wetu walijue. Hata huko kaskazini, Dhruva wa leo hakuwa Dhruva siku zote. Mhimili wa dunia huyumba polepole, kama pia inayokaribia kuchoka, na mzunguko mmoja wa kuyumba huko huchukua takribani miaka 26,000. Karibu miaka 5,000 iliyopita nyota iliyokuwa karibu na kitovu cha anga ilikuwa nyingine, hafifu zaidi, ambayo wanafalaki huiita Thuban. Kwa hiyo kilicho thabiti ni kiti, na wanaokikalia hupokezana. Kiti hicho kipo Mombasa kama kilivyo Porbandar. Tofauti ni kwamba hapa kimefunikwa na mgongo wa dunia. Pandit anapoelekeza mkono kaskazini hasemi uongo. Ila tungependa awaeleze maarusi anachokielekeza.

Zaidi ya hayo, desturi ile ile ya arusi inamtaja pia Arundhati, na huyu anaonekana hapa bila shida. Watafuteni wale Saptarishi, wahenga saba, ambao kuanzia Aprili hadi Juni huonekana jioni upande wa kaskazini. Waarabu waliziona nyota hizo hizo wakasema ni jeneza na waombolezaji wake. Kila kaumu ilipeleka angani yale iliyokuwa ikiyawaza. Nyota ya pili kutoka ncha ya mkia ni Vasishtha, na ubavuni mwake kabisa kuna nyota ndogo, Arundhati mkewe. Tangu kale nyota hiyo ndogo imetumiwa kupimia nguvu ya macho, kwa Wahindu na kwa Waarabu.

Kisa chao kinaendelea mahali ambapo majirani zetu wanapajua. Wahenga walikuwa saba na wake zao saba. Wake sita walitengana na waume zao, wakawa Krittika, walezi waliomnyonyesha Kartikeya. Arundhati peke yake alibaki. Krittika hao ndio kishada kidogo cha nyota ambacho Waswahili wamekiita Kilimia, kwa sababu kilimo kilifuata kuonekana na kutoweka kwake. Wazee wa pwani walisema Kilimia kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua, na kinyume chake. Wakristo watakikuta kwa jina hilo hilo katika Biblia ya Kiswahili, kitabu cha Ayubu. Jicho la kawaida huhesabu nyota sita. Darubini huonyesha mamia. Nuru yake tutakayoiona usiku huu ilianza safari takribani miaka 440 iliyopita, kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu hapa mjini mwaka 1593.

Tumesema tulichokiacha. Tulichokikuta ni Agastya. Mlima Vindhya ulijivuna ukakua hata ukataka kuziba njia ya jua. Mhenga Agastya akaujia, mlima ukamwinamia kwa heshima, naye akauomba ubaki umeinama mpaka atakaporudi kutoka kusini. Hakurudi tena. Nyota yake, ambayo Waarabu na mabaharia wa pwani huiita Suheli, ni ya pili kwa mng'ao katika anga zima la usiku. Rajkot hupanda digrii 15 tu kisha ikashuka. Hapa kwetu hupanda zaidi ya digrii 40. Tunashangaa kwamba jamii iliyokwenda kusini isirudi haijamfanya Agastya kuwa nyota yake. Labda ni kwa sababu tulikuwa tukitazama kaskazini.

Tuje sasa kwenye kalenda, ambako si hadithi tu, bali nyumba zinagawanyika.

Mwezi huurudia mahali pake kati ya nyota kila baada ya siku 27 na theluthi hivi. Ndiyo maana tuna nakshatra 27, moja kwa kila usiku, nazo zimesimuliwa kuwa mabinti wa Daksha, wote wake wa Soma, yaani Mwezi. Soma akampenda Rohini kupita wenzake. Daksha akamlaani adhoofike hata afe. Usiku wa leo ndio usiku alipokuwa amebaki uzi mwembamba. Alikimbilia Somnath, kwenye pwani ya Saurashtra, akamwomba Shiva, naye akamweka kichwani pake na kumruhusu kukua tena kila baada ya kupungua.

Lakini kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu, wala si 27, kwa kuwa mwezi unapomaliza duru jua nalo limesogea mbele kati ya nyota, na mwezi huhitaji siku mbili zaidi kulifikia. Miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354, pungufu ya siku 11 kwa mwaka wa jua. Kila watu wameutatua upungufu huo kwa njia yao. Kalenda ya Hijria huuacha ulivyo, na ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote kwa takribani miaka 33. Kalenda yetu huongeza mwezi mmoja mzima, adhik maas, karibu kila baada ya miezi 32 au 33. Mwaka 2023 ulikuwa na Shravan mbili. Nairuzi ya Waswahili, ambayo bado huadhimishwa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, iliachana na mwezi kabisa ikahesabu siku 365 kwa makumi. Pasaka ya Wakristo hufuata jua, mwezi na Jumapili kwa pamoja, na huenda ndiyo yenye hesabu ngumu kuliko zote.

Sisi wenyewe hatukubaliani hata juu ya jina la mwezi huu. Familia za Kigujarati husema leo ni Maha. Zilizotoka India ya kaskazini husema ni Phalgun, kwa sababu wao humaliza mwezi kwenye mbalamwezi na sisi kwenye giza. Usiku ni ule ule, nalo halijamkosesha mtu usingizi.

Linalokosesha usingizi ni tithi. Tithi moja ni muda ambao mwezi huchukua kuliacha jua kwa digrii 12 zaidi. Mwendo wa mwezi si sawa siku zote, hivyo tithi huweza kuwa na saa 19 au ikafika karibu 26. Siku hupewa jina la tithi iliyopo wakati wa macheo. Sasa, jua huchomoza Rajkot saa mbili hivi kabla ya kuchomoza Mombasa. Tuseme Ekadashi inaanza Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri kwa saa zetu, na kwisha Jumanne saa kumi na moja. Rajkot, ambako kumekucha saa kumi na robo, Jumatatu bado ni Dashami, na mfungo ni Jumanne. Mombasa, ambako kunakucha saa kumi na mbili na robo, Ekadashi ni Jumatatu, na Jumanne imekwisha pita. Wala hakuna aliyekosea hesabu. Hata hivyo tumeona ndugu wawili wa tumbo moja wakifunga siku mbili mbalimbali, mmoja kwa kalenda ya ukutani iliyotumwa kutoka Gujarat, mwingine kwa simu yake, na kila mmoja akimwona mwenzake amepotoka. Majirani zetu Waislamu, wanaojadiliana kila mwaka kama wafuate mwandamo wa hapa au mwandamo wa popote, hawahitaji kutafsiriwa huzuni hiyo.

Rai yetu ni kwamba hekalu litumie panchang iliyokokotolewa kwa macheo ya Mombasa. Kanuni inasema macheo, na macheo ni ya pale alipo mwenye kufunga. Wapo watu wenye heshima zao wasiokubaliana nasi, wasemao kwamba kufunga siku moja na jamaa wa Rajkot kuna thamani kuliko saa mbili za jua. Hoja hiyo si nyepesi, na kamati italazimika kuipima. Tunachoomba ni kwamba, hata uamuzi ukiwa upi, ubandikwe mlangoni pamoja na sababu yake, ili asiitwe mpotovu mtu aliyefuata jua la kwao.

Maneno yametosha. Kuanzia saa tatu taa za ua zitazimwa na ngazi ya kupandia darini itafunguliwa. Agastya atakuwa upande wa kusini. Nyota ing'aayo kumpita, karibu na utosi, ni Lubdhaka, mwindaji. Kilimia kitakuwa kaskazini magharibi, na Rohini, mwekundu kidogo, juu yake. Nuru ya Rohini ina safari ya miaka 65. Wapo hapa safu ya mbele wanaolingana nayo kwa umri. Baada ya puja ya prahar ya pili wapandeni tena, mtazame kaskazini mashariki, mtamwona Arundhati. Wenye miwani msiiache chini. Watakaokesha mpaka alfajiri huenda wakauona uzi wa mwezi mashariki. Tafadhali zimeni mwanga wa simu, na watoto washikwe mkono kwenye ngazi.