Kabla Gari Halijafika Karatu

Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, akibanwa kifua alfajiri, jasho likimtoka na mkono wa kushoto ukimuuma, wa nyumbani kwake watasema ni kichomi au vidonda vya tumbo. Atapewa maji ya uvuguvugu, alazwe. Kumbe huenda mshipa wa moyo umeziba, na nyama ya moyo inakufa dakika kwa dakika.

Wala si nyumbani tu. Watafiti walipofuatilia wagonjwa wa dharura mjini Moshi waliofika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, takriban mmoja kati ya watano alikutwa na mshtuko wa moyo. Wengi wao hawakupewa hata aspirini.

Dawa nyingine iliyojaribiwa kuiokoa nyama hiyo ya moyo ni insulini. Tangu ilipogunduliwa Toronto mwaka 1921, watu wanaijua kama dawa ya kisukari. Profesa Lionel Opie wa Cape Town aliitazama kwa jicho jingine. Damu ya kwenda kwenye moyo ikikatika, mwili huhamaki na kumwaga mafuta kwenye damu, na moyo ukiyachoma hudai oksijeni nyingi wakati ambapo haipo. Insulini huyashusha mafuta hayo na kuiingizia misuli ya moyo sukari, ambayo huweza kutoa nguvu kidogo hata bila oksijeni.

Lakini lazima iwahi. Mwaka 2001, majaribio kwenye mioyo ya panya yalionyesha kuwa insulini ikitolewa damu inaporudi tu, sehemu inayokufa hupungua. Ikicheleweshwa dakika 15, faida hupotea. Kwa binadamu, utafiti wa mwaka 2005 wa wagonjwa zaidi ya 20,000 haukuona vifo vikipungua. Ule wa Marekani wa mwaka 2012 ulitundika dripu ya sukari, insulini na potasiamu mgonjwa akiwa bado ndani ya ambulansi. Haukuzuia mshtuko wenyewe, ila waliofariki hospitalini au moyo wao kusimama walikuwa asilimia 4.4, dhidi ya 8.7 ya waliotundikiwa dripu isiyo na dawa.

Dripu hiyo bado si tiba ya kawaida, na asiwepo wa kumdunga mgonjwa insulini nyumbani: sukari ikishuka ghafla, inaua.

Karatu haianzi mikono mitupu. Hospitali ya FAME ilianzishwa na Frank Artress, daktari wa usingizi aliyebobea kwa wagonjwa wa moyo. Tatizo ni safari ya kumfikia daktari. Kutoka Endulen, ndani ya Ngorongoro, mgonjwa hurushwarushwa kwenye barabara ya vumbi hadi lango la Lodoare ndipo aione lami, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam.

Kwa hiyo fedha za huduma ya moyo zianzie huku chini: kipimo cha umeme wa moyo Endulen, Mang'ola na Mbulumbulu, muuguzi aliyefundishwa kukisoma, aspirini mezani, na namba ya simu ya daktari anayepokea usiku.