Kinga Ipimwe kwa Mguu wa Mwenye Kuipanda

Maneno ya kamati ya mikopo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Baraka

Hatutakawia, tunajua wengi wenu soko linawangoja.

Tumeitwa tueleze habari ya kinga, au baiskeli kama tulivyozoea kusema kule Nyarugusu na Lugufu. Mnajua kwamba fedha za likelemba safari hii ni za wale ambao hawajapata kuwa na kinga hata siku moja. Ni kinga ya kwanza, ya kushika barabara: kupeleka unga wa muhogo, kuleta samaki, hata kufikisha mgonjwa. Lakini kabla hatujatoa faranga moja, inatupasa tuseme kosa letu.

Mara iliyopita sisi kamati tulinunua kinga nne kwa mara moja. Mwuzaji alitupunguzia bei kwa sababu tulichukua za namna moja. Tukafurahi, tukaona tumewaokolea fedha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani atapanda ipi. Zote zilikuwa ndefu. Mama mmoja wa chama hiki, si mrefu, akapewa yake, akashukuru, akaenda. Mwezi wa pili, akiwa kwenye mteremko na gunia nyuma, mbuzi wakakatisha njia. Akafunga breki, akatafuta chini kwa mguu, chini haiko. Akaanguka pamoja na gunia, mkono ukavunjika. Na deni lake liko palepale kwenye daftari.

Tulipokwenda kumwona tukamwuliza, "Mama, kwa nini hukusema tangu siku ya kwanza kwamba iko ndefu?" Akatujibu, "Si mlinipa? Kitu cha kupewa, mtu anakipima?"

Ndugu, jibu hilo tulilielewa wote. Kambini tulipewa viatu. Vikizidi unatia kitambaa mbele, vikibana unakata kisigino. Nguo ilikuwa nguo, hatukuchagua. Tumerudi nyumbani, ila mazoea hayo tumerudi nayo. Lakini kinga hii si ya kupewa. Utailipa mwezi kwa mwezi kwa jasho lako. Uipime.

Sasa, tunapima je?

Kwanza, msidanganywe na namba. Mwuzaji akisema "hii ni 28", anasema habari ya gurudumu. Ukubwa wa kinga uko kwenye kadre, yaani fremu. Unapimwa kwenye bomba la kiti, toka pale pedali zinapozungukia mpaka juu bomba linapoishia. Hizi kinga nyeusi nzito za mizigo, nyingi kadre yake ni inchi 22 au 24, yaani kama sentimeta 56 au 61. Magurudumu yanaweza kuwa sawasawa, na kadre zikapitana inchi mbili. Inchi mbili hizo ndizo zilizovunja mkono.

Pili, ujipime mwenyewe nyumbani. Vua viatu, simama mgongo ukutani. Weka kitabu kigumu katikati ya miguu, ukivute juu kabisa kama vile umekalia kiti cha kinga. Mwenzako atie alama ukutani, apime toka alama mpaka chini. Tuseme ni sentimeta 80. Ukifika dukani, pima toka ardhi mpaka bomba la juu. Lisipite 75. Nafasi hiyo ya vidole vitatu ndiyo itakayokuokoa siku ya mbuzi. Kama huna mita, panda katikati ya kinga, nyayo zote mbili chini, bomba lisikuguse.

Tatu, kaa kwenye kiti, mwenzako akushikilie. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Hapo ukikanyaga kwa mbele ya unyayo, goti litakunjika kidogo, nayo ni vizuri. Kisha shika gidoni: viwiko visikakamae. Ukijinyoosha kama mtu anayechuma embe, hiyo kadre si yako.

Mtu atasema, "Tutashusha kiti." Kiti kinashuka, ndiyo, bomba la juu halishuki. Kati ya kinga mbili, moja ndogo kidogo na moja kubwa kidogo, chukua ndogo. Kiti unaweza kukipandisha, ila usipite ile alama ya mwisho kwenye nguzo yake. Kubwa huwezi kuipunguza.

Mama anayevaa kikwembe achukue ile isiyo na bomba la juu. Si ya aibu, na mzigo inabeba. Nanyi vijana mnaotamani zile nyembamba za mbio, zenye gidoni iliyojikunja kama pembe za kondoo, kipimo chenu ni hiki: urefu wa mguu mlioupima ukutani mzidishe kwa 65, mgawanye kwa 100. Mwenye 80 atafute kadre ya 52 au karibu yake. Ila mjue kwamba hizo si za gunia.

Basi tunaleta mambo matatu mbele yenu, myapigie kura leo. Moja: kamati isimnunulie mtu kinga tena akiwa hayupo. Aende mwenyewe, apime, ndipo tulipe. Mbili: zile tatu zilizobaki za mara iliyopita, mwenye kuona haimfai ailete, tubadilishane na wenye miguu mirefu, bila malipo. Tatu: deni la mama yetu aliyevunjika mkono lifutwe, na sisi wanakamati tuliosaini ununuzi ule tulilipe kwa zamu. Hilo hatuombi kusamehewa.

Fundi wa chama yuko nje, ana mita na ubao. Mkitoka, pitieni kwake kila mmoja, mwandikiwe kipimo chenu kwenye karatasi.