Askofu wa Karema na Habari za Wafipa

Juzi nilipokuwa Pito, karibu na Sumbawanga, mazungumzo ya wazee yalinikumbusha Askofu Adolphe Lechaptois, Mfaransa wa White Fathers.

Aliteuliwa mwaka 1891, akakaa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akafia huko mwaka 1917. Mwaka 1907 alianzisha shirika la masista Waafrika, ambalo lipo hadi leo. Kwangu mimi, hilo linapita majengo yote.

Tena mwaka 1913 alitoa kitabu juu ya Wafipa na jirani zao. Lakini kilichapwa Algiers, kwa Kifaransa! Babu walisimulia mila zao. Wajukuu wazisome kwa mkalimani? Nyinyi mliosomea Kifaransa vyuoni, hebu kitafuteni.