Iridiamu Kidogo, Haidrojeni Nyingi: Kupunguza Metali za Thamani katika Uchanganuzi wa Maji kwa Umeme

Maji yanapopitishiwa umeme, molekuli zake huvunjika, haidrojeni ikatokea kwenye kathodi, yaani elektrodi hasi, na oksijeni kwenye anodi, yaani elektrodi chanya. Kinadharia volti 1.23 zinatosha, lakini kwa vitendo huhitajika zaidi, na ziada hiyo hupunguzwa kwa kichocheo, yaani dutu inayoharakisha mmenyuko bila yenyewe kugeuka zao la mmenyuko huo.

Katika mitambo inayotumia utando wa plastiki unaopitisha protoni, mazingira ya ndani ni ya asidi kali. Kathodi hutosheka na chembe ndogo za platinamu. Mzigo mkubwa umo kwenye anodi, ambako elektroni nne lazima ziondolewe katika molekuli mbili za maji ili ipatikane molekuli moja ya oksijeni. Katika asidi na volteji ya namna hiyo, nikeli na chuma huyeyuka, na hata rutheniamu, ijapokuwa huchochea upesi zaidi, haidumu, ndiyo maana oksidi ya iridiamu imeendelea kutegemewa.

Iridiamu inayozalishwa duniani ni takribani tani 7 hadi 8 kwa mwaka, na sehemu kubwa hutoka Afrika Kusini, ikipatikana pamoja na platinamu, hivyo bei yake inapopanda, migodi haiongezi uchimbaji kwa ajili yake pekee. Ikiwa mtambo wa gigawati moja unahitaji kilo 400 hivi, basi mavuno yote ya mwaka hayawezi kutosheleza zaidi ya gigawati 20 hivi.

Njia mojawapo ya kupunguza uhitaji huo ni kuiacha asidi na kutumia alkali, ambamo nikeli hustahimili, kama ilivyofanyika Rjukan nchini Norwei tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Hata hivyo, mitambo ya kawaida ya aina hiyo hupata shida umeme wa jua au upepo unapopungua, kwa kuwa gesi hizo mbili huanza kuchanganyika. Njia ya pili ni kuitandaza iridiamu katika tabaka jembamba juu ya oksidi ya titaniamu, kwa sababu atomu zilizofichwa ndani ya chembe nene hazigusi maji wala hazifanyi kazi. Tatizo ni kwamba oksidi hiyo haipitishi umeme vizuri, na tabaka jembamba likimomonyoka kidogo tu, baadhi ya sehemu zake hutengwa na mkondo.

Kwa hiyo gramu zilizopakwa si kipimo kamili. Anodi yenye nusu ya iridiamu ya kawaida, ikidumu theluthi tu ya muda wa kawaida kwa kasi ileile ya uzalishaji, hutumia metali mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida kwa kila kilo ya haidrojeni. Uhaba hautakuwa umepunguzwa, bali umeahirishwa hadi siku ya kubadilisha elektrodi.